Kompyuta ya ofisini baada ya kusakinisha programu ya video: dalili, sababu na utatuzi

Katika ofisi ndogo za Lubumbashi, ni nadra programu ya kijasusi kuingia kwa ustadi wa mdukuzi aliyekaa mbali. Kwa kawaida huingia siku ambayo video ya mafunzo ya usalama, iliyotumwa na kampuni ya mgodi kwa mkandarasi wake, inakataa kufunguka nusu saa kabla ya kikao. Sekretari anaambiwa, "Mama, tafuta namna," naye anaandika "lecteur vidéo gratuit" kwenye kivinjari, anabofya tokeo la kwanza, ambalo mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, kisha anakubali kila dirisha linalojitokeza kwa sababu wageni wamekwisha kukaa vitini. Video inafunguka, kikao kinafanyika, na matatizo yanaanza kuonekana siku kadhaa baadaye bila mtu yeyote kuyahusisha na programu ile. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na video yenyewe kabla ya kugusa dalili za ujasusi: anayejua kwa nini video haifunguki hana haja ya kusakinisha programu asiyoijua.

Menyu zinatajwa kwa Kifaransa, kwa kuwa Windows ya ofisi nyingi za hapa iko katika lugha hiyo, na maelezo yanahusu Windows 10 na 11. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta ambayo bado inaitumia bila kuandikishwa kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama iko wazi zaidi kwa kila tatizo linaloelezwa hapa.

Video haifunguki, au sauti inatoka bila picha

Dalili hizi mbili hufanana machoni pa mtumiaji, lakini sababu zake hazina undugu. Sauti ikisikika huku picha ikiwa nyeusi, faili kwa kawaida ni zima na kinachokosekana ni kodeki, yaani kile kipande cha programu kinachojua kufumbua picha zilizobanwa. Mfano wa kila siku ni video iliyopigwa kwa iPhone: tangu mwaka 2017 simu hizo, kuanzia iPhone 7, hurekodi kwa muundo wa HEVC, na si kila kompyuta ya Windows inayokuja na kodeki yake. Kama mpiga video bado hajaanza kazi, mwombe afungue Réglages, Appareil photo, Formats, achague "Le plus compatible", na tatizo halitazaliwa. Kwa video ambazo zimekwisha kurekodiwa, kicheza video kiitwacho VLC kinatosha, kwa kuwa hubeba kodeki zake ndani na hakihitaji kuongezewa kitu.

Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Ukurasa wowote unaodai kwamba huwezi kutazama video mpaka upakue kodeki maalumu uchukuliwe kuwa mtego. Zlob, programu hasidi iliyoenea katikati ya miaka ya 2000, ilijifanya kodeki ya video. DNSChanger ilipitia mlango huohuo, ikabadilisha seva ambazo kompyuta huziuliza anwani za tovuti, mpaka Waestonia sita walipokamatwa mwezi wa Novemba 2011 kufuatia uchunguzi wa FBI. Sura nyingine ya mtego huo ni "sasisho la Flash Player", ilhali Adobe iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa Desemba 2020 na mtumiaji wa kawaida hana sasisho halali la kulisubiri. QuickTime ya Windows nayo iliachwa na Apple mwaka 2016. Ukiikuta kwenye kompyuta ya ofisi, iondoe.

Faili likikataa kufunguka kabisa, katika VLC na kwingineko, yaelekea limekatika njiani. Muundo wa MP4 una faharasa inayoieleza programu picha gani iko wapi, na kamera nyingi huiandika faharasa hiyo mwishoni, baada ya kurekodi kwisha. Kwa hiyo flashi ikichomolewa kabla ya kunakili kwisha, au umeme ukikatika katikati ya kupakua na modemu ikazima, unabaki na faili lenye megabaiti nyingi lakini lisilo na faharasa, na hakuna kodeki duniani itakayolifungua. Linganisha ukubwa wa faili lako na wa lile la mtumaji, kwa baiti kamili zinazoonekana kwenye Propriétés. Zikitofautiana hata kidogo, omba litumwe upya, na usisakinishe chochote.

Sababu ya tatu ndiyo ya hatari: faili si video. Windows kwa kawaida huficha viambishi vya majina ya mafaili, yaani herufi za mwisho zinazoonyesha aina ya faili, na faili linaloitwa formation_securite.mp4.exe, ambalo ni programu, huonekana kama formation_securite.mp4, likiwa limevishwa hata ile aikoni ya rangi ya chungwa ya VLC. Fungua Explorateur, nenda Affichage, kisha weka alama kwenye "Extensions de noms de fichiers". Katika Windows 11 chaguo hilo liko chini ya "Afficher". Ukubwa nao huongea, kwa sababu video ya dakika arobaini yenye megabaiti mbili tu haipo. Ikiwa faili la namna hiyo limekwisha kubofywa mara mbili na "hakuna kilichotokea", basi kitu kimetokea. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya nywila zilizoibwa.

Programu ikihitajika kweli

Andika anwani videolan.org kwa mkono wako badala ya kupitia matokeo ya utafutaji. VLC ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1996 miongoni mwa wanafunzi wa École Centrale Paris, na leo inasimamiwa na VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilo la faida. Haina matangazo, haiuzwi, na haiombi namba ya simu. Ukurasa unaokuuzia VLC, au unaotaka ujiandikishe kwanza, umetengenezwa na mtu anayeishi kwa umaarufu wa jina hilo.

Faili likishashuka, usiliendeshe bado. Libofye kwa kitufe cha kulia, fungua Propriétés, kisha "Signatures numériques". Jina la mtia saini linapaswa kuwa VideoLAN; ukurasa huo usipokuwepo kabisa, au ukiwa na jina la kampuni usiyoijua, lifute. Kisha fungua Invite de commandes ndani ya folda ya faili hilo na uandike amri ifuatayo, ukibadilisha jina la faili:

certutil -hashfile jina_la_faili.exe SHA256

Matokeo yake ni alama ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaolinganishwa na ule uliochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Wapo mafundi wanaoliona zoezi hili kuwa la kupoteza muda maadamu tovuti ni rasmi. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni kisa cha HandBrake, programu inayoheshimika ya kubadilisha miundo ya video: mwanzoni mwa Mei 2017 mojawapo ya seva zake rasmi za kupakulia ilivamiwa, na kwa siku kadhaa waliopakua toleo la Mac kutoka kwenye seva hiyo walipewa faili lenye programu ya kijasusi iitwayo Proton. Anwani ilikuwa sahihi. Alama ya faili ndiyo iliyokuwa tofauti.

Faili lililokaguliwa lihifadhiwe kwenye folda moja ya pamoja, ambayo wafanyakazi wanaweza kuisoma lakini hawawezi kuiandika. VLC ina megabaiti arobaini na kitu, na kwa ofisi inayonunua intaneti kwa mega, kulipakua faili lilelile kwa kila kompyuta ni hasara. Faida kubwa zaidi ni kwamba mfanyakazi mwenye haraka anakuwa na mahali pa kuchukua programu bila kwenda kuitafuta mtandaoni.

Kubwa kuliko yote ni aina ya akaunti. Mhasibu, sekretari na mtangazaji wa redio hawahitaji haki za msimamizi ili kufanya kazi zao. Fungua Paramètres, Comptes, "Autres utilisateurs", na uhakikishe kila mmoja ana "Utilisateur standard", huku akaunti ya msimamizi ikiwa na nenosiri linalojulikana na watu wawili tu. Najua katika ofisi za kifamilia nenosiri hilo huishia kwa mtoto wa mdogo wake bosi, anayejua kompyuta kuliko wote. Mara nyingi ndiye pia anayeleta michezo. Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu, kwa kuwa baadhi ya programu za wizi hufanya kazi ndani ya folda za mtumiaji bila kuomba ruhusa, lakini inazuia programu hizo kukita mizizi katika kompyuta nzima.

Kivinjari kimebadilika

Ukurasa wa mwanzo si ule uliouzoea, utafutaji unapitia tovuti ngeni, matangazo yanatokea kwenye kona ya skrini hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Chanzo cha kawaida ni kisakinishi kilichobeba abiria. Dirisha lake huwa na machaguo mawili: juu, kwa herufi nene, "Installation rapide (recommandée)", chini, kwa kijivu kinachokaribia kufanana na usuli, "Installation personnalisée". Anayechagua la pili huona visanduku vitatu au vinne ambavyo tayari vimewekwa alama, kimoja kinaongeza upau kwenye kivinjari, kingine kinabadilisha ukurasa wa mwanzo, kingine kinaleta "msafishaji" wa kompyuta. Anayechagua la kwanza amevikubali vyote bila kuviona. Biashara hii ni ya zamani, kwani Kazaa, programu ya kugawana muziki, ilikuwa imejaa abiria wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2015 SourceForge, tovuti iliyokuwa ikiaminiwa na mafundi, ililaumiwa hadharani kwa kuifunga GIMP ya Windows, programu ya kuhariri picha, ndani ya kisakinishi chenye matangazo, desturi ambayo wamiliki wapya waliikomesha mwaka 2016.

Anza na Paramètres, Applications, na upange orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Kila kilichoingia siku ileile na programu ya video, na ambacho hakuna aliyekiomba, kiondoe, kisha uanzishe kompyuta upya. Baada ya hapo fungua viendelezi vya kivinjari na ufute usivyovitambua. Matangazo ya kona ya skrini mara nyingi hayatokani na programu yoyote: mtu aliwahi kubofya "Autoriser" kwenye tovuti fulani, na tovuti hiyo imebaki na ruhusa ya kutuma arifa. Katika Chrome ruhusa hiyo hufutwa kwenye Confidentialité et sécurité, Paramètres des sites, Notifications. Kivinjari kikiandika kwamba kinasimamiwa na shirika lako, ilhali ofisi haina mtu aliyeweka usimamizi wa namna hiyo, kuna programu iliyojipa mamlaka hayo, na kuondoa viendelezi hakutatosha mpaka programu yenyewe ipatikane.

Ili jambo hili lisijirudie, fungua Sécurité Windows, "Contrôle des applications et du navigateur", kisha uwashe kizuizi cha "applications potentiellement indésirables".

Mega zinaisha usiku

Hapa ndipo ninapoona tuhuma nyingi za ujasusi zisizo na msingi. Mkuu wa ofisi ananunua kifurushi jioni, asubuhi anakikuta kimekwisha, na lawama zinaiangukia programu ya video iliyowekwa juzi. Pengine ni kweli, lakini fungua kwanza "Utilisation des données" ndani ya Réseau et Internet, ambako Windows huonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Kinachoongoza mara nyingi ni masasisho ya Windows, au OneDrive inayopandisha folda ya kazi ambayo ndani yake mtu ameweka filamu. Dawa ni kuitangaza Wi-Fi ya ofisi kuwa "Connexion limitée" na kuzima upakuaji kutoka kompyuta nyingine chini ya "Optimisation de la distribution", kipengele ambacho kinaweza pia kuifanya kompyuta yako iwagawie wengine masasisho.

Shaka inakuwa halali pale jina usilolijua linapotuma data nyingi kuliko linavyopokea. Angalia "Moniteur de ressources", sehemu ya Réseau, ambako safu ya "Envoi" imetenganishwa na ya "Réception".

Si kila programu inayotuma taarifa ni jasusi, na mpaka kati ya mawili hayo umewahi kuwagombanisha watu wengi. Mwaka 1999 iligundulika kuwa RealJukebox, programu ya kusikilizia muziki, ilikuwa ikiipelekea RealNetworks taarifa za muziki ambao watu walisikiliza, zikiambatana na namba ya utambulisho ya kila mtumiaji, bila kuwaeleza. Kampuni ililazimika kutoa marekebisho. Mwaka 2021, baada ya Audacity kununuliwa na Muse Group, sera mpya ya faragha iliwafanya wengi waiite programu hiyo jasusi, ingawa mjadala ulihusu hasa taarifa za hitilafu na ukaguzi wa masasisho. Redio za hapa zinazotumia Audacity kuhariri vipindi zinaweza kuendelea nayo bila wasiwasi, na anayetaka anaweza kuzima ukaguzi huo kwenye mipangilio. Kigezo changu ni kwamba programu halali inakueleza inachotuma na inakupa pa kukizima.

Kompyuta nzito, feni inapiga kelele

Kati ya Mei na Septemba, kabla ya kutafuta jasusi yeyote, fungua kifuniko na upulize vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi cha Lubumbashi huziba feni ya kompyuta ya mkononi, kichakataji kinapata joto na kujipunguza kasi chenyewe, na video ndiyo ya kwanza kukwama.

Kama ndani ni safi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Gestionnaire des tâches, na upange orodha kwa safu ya Processeur. Programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa siri hula karibu nguvu zote, na baadhi yake huacha kazi mara tu Gestionnaire des tâches inapofunguliwa. Feni inayonyamaza kila unapolifungua dirisha hilo na kuanza tena ukilifunga inatosha kuwa sababu ya uchunguzi kamili.

Flashi imejaa njia za mkato

Flashi iliyopita kwenye sekretarieti ya umma ya kuchapishia nyaraka inarudi na folda zote zikiwa na kishale kidogo kwenye aikoni. Mafaili hayajapotea, yamefichwa, na kila njia ya mkato huendesha virusi kabla ya kufungua folda. Usibofye yoyote. Kama flashi ni E, andika kwenye Invite de commandes:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda za kweli zitaonekana. Nakili nyaraka tu, changanua flashi kwa kizuia virusi, kisha ifomati. Kompyuta iliyofungua njia hizo za mkato nayo ichanganuliwe, la sivyo itaambukiza flashi inayofuata. Kwa kuchapisha nje ya ofisi, tenga flashi moja isiyobeba kitu kingine.

Nywila zimeibwa, au kuna hofu kwamba zimeibwa

Dalili ni hizi: barua pepe zinaonyesha kuingia kutoka nchi nyingine, wateja wanapokea ujumbe ambao ofisi haikuutuma, akaunti ya Facebook ya kampuni inatangaza bidhaa ngeni. Ukiuliza ni nini kilisakinishwa karibuni, jibu mara nyingi ni krak, yaani zana ya kukwepa leseni, ama ya programu ya kuhariri video ama ya kuamilishia Windows. Nakala zilizotiwa sumu za KMSPico, kwa mfano, zilionekana mwaka 2021 zikieneza CryptBot, inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Maelekezo ya krak karibu yote yanakuamuru uzime kizuia virusi kwanza. Ukishatii, faili huweza kujiandika kwenye orodha ya Exclusions ili lisikaguliwe tena. Ikague orodha hiyo, na ufute kila ambacho hukukiweka mwenyewe.

Mfuatano wa hatua una maana hapa. Kwanza iondoe kompyuta kwenye Wi-Fi, bila kuizima. Pili, kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, badilisha nywila, ukianza na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine, kisha benki na akaunti za pesa kwa simu. Tatu, katika kila akaunti chagua kuondoka kwenye vifaa vyote. Hatua hii husahauliwa sana: programu za wizi huchukua pia vidakuzi vya kivinjari, yaani mafaili madogo yanayoikumbusha tovuti kwamba umekwisha kuingia, na mwenye vidakuzi hivyo anaweza kuendelea kuwa ndani hata nywila ikibadilishwa. Kubadilisha nywila kwenye kompyuta ileile iliyoambukizwa ni kumkabidhi mwizi nywila mpya. Ikiwa mashine ilikuwa na orodha za wateja au wagonjwa, mwajiri aambiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa Code du numérique, sheria ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023, inagusa pia ulinzi wa data binafsi.

Kwa hofu ya kusikilizwa, fungua Confidentialité, Microphone, kisha Caméra; Windows huonyesha ni programu gani ilitumia kifaa na lini. Kicheza video hakina kazi na maikrofoni.

Tatizo linarudi baada ya kuondolewa

Programu iliyojificha ndani ya Windows inaweza kuidanganya Windows yenyewe. Mwaka 2005 mtaalamu wa Windows Mark Russinovich alifichua kwamba CD za muziki za Sony BMG ziliweka programu ya kuzuia kunakili iliyoficha kila faili ambalo jina lake lilianza na "$sys$", na virusi vingine vikapata mahali pa kujifichia. Kwa hiyo uchunguzi wa kawaida ukisema hakuna kitu ilhali dalili zinaendelea, tumia "analyse hors ligne" iliyo kwenye "Options d'analyse" ya Sécurité Windows, ambayo huanzisha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijawaka. Huchukua robo saa hivi. Hakikisha betri imejaa au onduleri inafanya kazi, ili umeme usiikatize.

Pitia pia "Démarrage" ndani ya Gestionnaire des tâches, na "Planificateur de tâches", ambako kazi yenye jina la herufi zisizo na mpangilio, inayoendesha faili lililo ndani ya AppData, ndiyo inayorudisha tatizo kila asubuhi. Ikifutwa na ikajirudia, acha kubishana na mashine hiyo. Nakili nyaraka, picha na mafaili ya uhasibu kwenye diski ya nje, uache mafaili yote ya exe, msi, bat na lnk, hata yale yanayoonekana halali. Tengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta safi kwa zana ya Microsoft. Fomati, sakinisha, weka masasisho, unda akaunti ya kawaida, kisha usakinishe VLC kutoka kwenye ile folda ya pamoja na uchanganue diski ya nje kabla ya kurudisha nyaraka.